Kuotesha okidi za msituni ndani ya chupa: mwongozo kwa anayeanza Magharibi mwa Kenya

Kila mvua ndefu zinapoanza, maswali huja yaleyale. Mmoja ameokota tawi lenye okidi njia ya Shinyalu na anataka azizalishe ziwe mia. Mwingine ana tunda mfukoni, limeshapasuka, na unga wote umemwagika. Mwanafunzi anauliza kama mbegu zake zinaweza kumwagwa kitaluni kama za sukuma wiki. Nimejibu kwa simu, nimejibu sokoni, nimejibu nikiwa na glavu mikononi. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Nianze na mwanafunzi: hapana, kitaluni hazioti. Mbegu ya okidi ni kama vumbi. Tunda moja laweza kubeba maelfu, mengine hata zaidi ya milioni, lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula kama hindi au haragwe. Msituni husubiri kuvu maalumu iiingie na kuilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba ukiipa sukari na madini kwenye jeli isiyo na vijidudu, huota bila kuvu. Basi. Nadharia inatosha hapo.

Ni kazi ya maabara ileile inayotuletea miche ya ndizi za tishu, ila hapa tunaanza na mbegu badala ya kipande cha mmea. Napendelea mbegu kwa makusudi. Migomba ya tishu kutoka shina moja yote ni pacha, lakini kila mche wa mbegu una damu yake, na mmea wa porini unaorudishwa porini unazihitaji tofauti hizo siku ugonjwa ukiingia.

Shida ni kwamba sukari inayolisha okidi hulisha pia kila ukungu unaoelea hewani. Ukungu huchukua siku tatu kuonekana; okidi huchukua miezi mitatu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu usafi.

Kabla hujagusa mmea wowote

Chukua tunda, acha mmea. Okidi iliyobanduliwa mtini msituni na kufungwa kwenye mparachichi wa nyumbani mara nyingi hunyauka ndani ya mwaka mmoja, na msitu unabaki na pengo. Tunda moja linakutosha wewe, jirani yako na shule nzima.

Tena kuna sheria. Okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuvusha mmea wa porini mpaka wa Busia au Malaba bila karatasi ni kosa. Katika msitu wa Kakamega, upande wa kaskazini wa Buyangu uko chini ya KWS (shirika la wanyamapori) na upande wa kusini wa Isecheno uko chini ya KFS (shirika la misitu). Nenda ofisini uombe ruhusa, hata kama unataka tawi lililoangushwa na upepo. Ukikusanya kwa utafiti au biashara, kanuni za mwaka 2006 zinazosimamiwa na NEMA (mamlaka ya mazingira) zinataka kibali, na mtafiti huhitaji pia leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi na utafiti). Njia nyepesi kwa anayeanza ni okidi iliyojiotea kwenye mti wa shamba lako au la mzee wa jirani aliyekukubalia.

Anza na zile zinazoishi juu ya miti: Polystachya, Aerangis, Ansellia. Zile za ardhini, kama Disa na Satyrium, ni ngumu na zitakuvunja moyo mapema.

Unachohitaji

- Sufuria ya presha yenye kimo cha kusimamisha chupa, na jiko la gesi. Stima ikipotea katikati ya kazi, gesi haikuachi.
- Chupa za jemu 20 au zaidi, za kioo, zenye vifuniko vya bati visivyo na kutu.
- Unga wa MS (mchanganyiko wa madini wa Murashige na Skoog wa mwaka 1962), aga (unga wa mwani unaogandisha jeli), sukari ya kawaida na makaa amilifu (activated charcoal, si makaa ya jikoni). Unga na aga huuzwa na maduka ya vifaa vya maabara.
- Maji yaliyotoneshwa. Yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli yanafaa, lakini hakikisha ni maji matupu, si asidi ya betri.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.1, na vikaratasi vya kupimia pH (kiwango cha uchachu).
- JIK (dawa ya kung'arishia nguo), spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, sabuni ya maji, glavu, barakoa.
- Wembe wa upasuaji wenye mpini, kibanio kirefu, foili, plastiki ya kufungia vyakula.
- Sanduku kubwa la plastiki inayopitisha mwanga. Lilaze ubavu, toboa matundu mawili ya mikono kwenye kifuniko. Hilo ndilo kabati lako la kupandia.

Kama uko karibu na Maseno, Njoro au Kakamega mjini, bisha hodi kwenye idara ya botania ya chuo kikuu kilichoko hapo. Kuwatazama watu wakifanya kazi hii saa moja tu kutakufunza mengi kuhusu mikono kuliko nitakavyoweza kukueleza.

Hatua kwa hatua

1. Chavusha ua mwenyewe. Aerangis, kwa mfano, ina maua meupe yanayonukia usiku na mkia mrefu wenye asali. Huchavushwa na nondo wenye ulimi mrefu, na shambani nondo hao huenda wasifike. Kwa kijiti cha meno, inua kile kikofia kidogo kwenye ncha ya nguzo ya ua. Chavua itanata kwenye kijiti ikiwa vijidonge viwili vya njano. Vibandike kwenye kishimo chenye utelezi kilicho chini ya ncha hiyo, kwenye ua la mmea mwingine wa aina hiyohiyo. Ukiwa na mmea mmoja tu, tumia maua yake mawili. Funga uzi na uandike tarehe. Chavusha ua moja au mawili kwa mmea mdogo. Matunda mengi huuchosha.

2. Vuna tunda likiwa bado limefunga. Tunda la okidi lina mbavu kama bamia ndogo. Hukomaa kati ya miezi mitatu na tisa kutegemea aina, kwa hiyo tarehe uliyoandika ndiyo saa yako. Nivunavyo mimi ni pale rangi ya kijani inapoanza kufifia kuelekea njano na mbavu zimetuna. Tunda lisilopasuka ni salama ndani, kwa kuwa mbegu hazijawahi kugusana na hewa. Ukilisafisha nje umemaliza. Likipasuka, kila mbegu inabidi ioshwe. Wengi hapa hukosea kwa kungoja “likomae vizuri” kisha wanalikuta limefunguka na upepo umeshavuna.

3. Pika jeli. Kwa lita moja: unga wa MS gramu 2.2 (nusu ya kipimo cha kawaida; okidi haipendi chumvi nyingi), sukari gramu 20, makaa amilifu gramu 1. Koroga kwenye maji, kisha pima pH. Iwe kati ya 5.6 na 5.8. Ikiwa chini, ongeza matone ya sodiamu haidroksaidi iliyozimuliwa. Ikiwa juu, matone ya maji ya asidi ya sitriki. Ndipo utie aga gramu 7, uchemshe ukikoroga hadi iyeyuke na mchanganyiko usiwe na chengachenga. Mimina mililita 50 hivi kwa kila chupa. Lita moja inatoa chupa 20. Futa mdomo wa chupa ukimwaga, maana tone la sukari ukingoni ni daraja la ukungu.

4. Ua vijidudu kwa presha, na uhesabu mwinuko wa mahali ulipo. Wengi huruka jambo hili. Vitabu husema presha ya paundi 15 kwa dakika 15, nyuzi 121. Vitabu hivyo vinawazungumzia watu wa usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, Kakamega karibu 1,500, Kisumu karibu 1,100. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo paundi 15 kwenye kipimo cha sufuria hukupa kama nyuzi 118 Nakuru na 119 Kisumu. Usilazimishe sufuria ipite presha iliyoundiwa; ongeza muda. Mimi huacha dakika 30. Tia maji kimo cha vidole viwili, weka kitako cha kuinulia chupa, legeza vifuniko nusu mzunguko, vifunike kwa foili. Acha mvuke utoke dakika 7 hadi 10 kabla ya kuweka kizito juu, la sivyo hewa iliyobaki ndani itazuia joto. Anza kuhesabu presha ikishafika. Ukimaliza, zima na uache ipoe yenyewe. Ukiifungua kwa haraka, jeli itafoka kutoka kwenye chupa zote, na mvuke unaweza kukubabua uso.

   Mzunguko wa pili, chemsha vivyo hivyo chupa nne za maji matupu, na vyombo vyako vikiwa vimefungwa kwenye foili.

5. Kaza vifuniko, kisha ziache chupa zikae wiki nzima bila kupanda kitu. Yoyote itakayoota doa, itoe. Wiki hii inakwambia kama sufuria yako inafanya kazi kabla hujapoteza tunda ulilolingoja miezi sita. Usiiruke hata ukiwa na haraka.

6. Tayarisha chumba na sanduku. Funga madirisha, zima feni, usifagie siku hiyo. Fungu langu la kwanza, chupa 17 kati ya 20 ziligeuka kijani kwa ukungu kwa sababu niliwasha feni nikiona joto. Niliumia sana, kwa kuwa tunda lile lilikuwa la mmea mmoja tu niliokuwa nao. Pangusa sanduku ndani kwa spiriti, pangusa kila chupa unayoingiza, kisha subiri dakika 15 hewa itulie na spiriti ikauke.

   ONYO: usiwashe moto wowote ndani ya sanduku hilo. Mvuke wa spiriti ulionaswa ndani ya plastiki hulipuka. Taa ya spiriti ni ya kabati la maabara lenye hewa inayopita, si ya sanduku lililofungwa. Badala ya moto, weka kikombe cha JIK iliyozimuliwa nusu kwa nusu na uchovye vyombo kila baada ya chupa moja, kisha uvisuuze kwenye maji uliyoyachemsha kwa presha.

7. Safisha tunda. Kata mabaki ya ua yaliyokauka kwenye ncha, hapo ndipo uchafu hujificha. Lisugue kwa mswaki na sabuni chini ya maji ya bomba. Liloweke dakika 20 kwenye JIK na maji kwa vipimo sawa, pamoja na tone la sabuni. Lihamishe kwenye spiriti kwa nusu dakika, kisha liingize ndani ya sanduku na uliache likauke juu ya foili safi.

   Kama tunda lilipasuka, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Ziba mdomo wa ndani kwa pamba kidogo, tia mbegu, vuta sehemu moja ya JIK iliyochanganywa na sehemu nne za maji na tone la sabuni, utikise dakika 10, utoe, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa presha. Pamba huzuia mbegu zisitoke.

   Onyo jingine: usichanganye JIK na siki, asidi wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya klorini, na katika chumba ulichofunga madirisha gesi hiyo inaweza kukuua.

8. Panda. Pasua tunda kwa urefu. Ndani utaona mbegu kama pamba nyeupe au unga wa njano. Chota kidogo sana kwa ncha ya wembe, nyanyua kifuniko kimshazari, pukuta juu ya jeli, funga. Chupa isikae wazi zaidi ya sekunde kumi, na mkono wako usipite juu ya mdomo wake kamwe. Kila kitu huanguka kutoka juu: ngozi, vumbi, mate ya mazungumzo. Usiongee. Mbegu nyingi kupita kiasi ni kosa la ulafi. Zitasongamana na utashindwa kuzitenganisha. Zungusha plastiki kwenye kifuniko na uandike aina, mahali mmea mama ulipo, tarehe ya kuvuna na ya kupanda. Chupa isiyo na jina haina faida kwa mtu anayetaka kuurudisha mmea kwao.

9. Weka kwenye nyuzi 22 hadi 27. Taa ya LED ya kawaida saa 12 hadi 14 kwa siku inatosha. Jua la moja kwa moja hupika chupa kwa nusu saa. Kisumu tafuta chumba cha chini chenye ubaridi. Nakuru chupa zilale kabatini baridi ya Julai inapouma.

   Mbegu huvimba kwanza, kisha huwa vidonge vya kijani viitwavyo protokomu, kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili kwa nyingi. Mara ya kwanza nilipoziona kwa kioo cha kukuzia nilimwita mama yangu kutoka jikoni aje atazame. Kisha hutoka kichipukizi kidogo chenye ncha, halafu jani, halafu mzizi.

10. Hamisha zikianza kusongamana. Pika jeli ileile, ila safari hii ongeza gramu 50 za ndizi mbivu iliyopondwa kabla ya kupima pH. Ndizi huchangamsha mizizi. Kwenye jeli ya kupandia mbegu siitii. Weka vimiche 20 hadi 30 kwa chupa. Rudia baada ya miezi mitatu au minne.

11. Zitoe chupani zikiwa na majani ya sentimita 3 na mizizi miwili mitatu. Hii huchukua mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi. Legeza kifuniko siku tano ukiwa kivulini. Osha jeli yote kwenye maji ya vuguvugu, maana kipande kidogo kikibaki mzizini kitaoza na kuondoka na mche. Panda kwenye magome yaliyokatwa madogomadogo na vipande vya makaa ya kupikia yaliyooshwa, udongo usitumie. Funika kwa chupa ya soda iliyokatwa kitako. Nyunyiza asubuhi, na kila siku chache inua kifuniko muda mrefu zaidi, hadi wiki ya nne ukiondoe kabisa. Mbolea ya majani kwa robo ya kipimo, mzizi mpya ukishaonekana tu.

12. Funga mtini mvua ndefu zikianza, Machi au Aprili, mche ukiwa umeishi nje angalau miezi sita. Chagua mti wenye gome gumu lenye mikwaruzo. Mpera na mkalitusi hubambuka gome na miche yako itaanguka nalo. Funga kwa kitambaa cha pamba upande usiopigwa na jua la mchana. Msituni usirudishe chochote bila wenye msitu kujua, na rudisha aina ile iliyotoka hapohapo. Maua tarajia baada ya miaka mitatu hadi mitano tangu upande mbegu.

Mambo yakienda mrama

Ukungu umetokea. Usiifungue chupa! Kwanza angalia umeanzia wapi. Ukiwa ukingoni mwa kioo, kifuniko au plastiki ndiyo iliyovujisha. Ukiwa doa moja katikati mbali na mbegu, umedondoka kutoka hewani ulipofungua. Ukizunguka kila mbegu, hukusafisha tunda vya kutosha. Chupa zote zikiwa nazo hata zile ambazo hukupanda, rudi kwenye sufuria. Chemsha chupa hizo kwa presha dakika 30 zikiwa zimefungwa kwa ulegevu, ndipo umwage. Ukizifungua mbichi chumbani, umepanda mbegu za ukungu kwa miezi.

Utelezi mweupe kama maziwa ni bakteria, kwa kawaida kutoka kwenye kibanio kisichochovywa vizuri au maji ya kusuuzia.

Jeli haikuganda. pH ilishuka chini ya 5, au aga ilikuwa pungufu. Pika upya, ukiichemsha ileile mara ya pili huwa mbaya zaidi.

Miezi minne imepita na mbegu bado ni nyeupe. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mbegu nzuri ina nukta katikati, hicho ndicho kiini. Kama hakuna nukta, chavua haikushika au tunda lilivunwa changa. Kama nukta ipo, huenda JIK ilikaa muda mrefu; punguza hadi dakika 7. Lakini chupa usizitupe kabla ya miezi sita, nyingine huchelewa.

Protokomu zinageuka kahawia na jeli inayozizunguka inakuwa nyeusi. Mmea unatoa sumu yake mwenyewe. Hamishia kwenye jeli mpya mara moja na usipunguze makaa amilifu.

Majani yanaonekana kama kioo, yamejaa maji, yanavunjika ukiyagusa. Unyevu umezidi ndani. Ongeza aga hadi gramu 8, na usiweke chupa mahali panapopata joto mchana na baridi kali usiku, maana matone hutiririka kwenye kioo.

Miche iliyotolewa inaoza shingoni ndani ya wiki mbili. Karibu kila mara ni mabaki ya jeli au maji yaliyosimama kati ya majani. Ing'oe iliyooza, osha zilizobaki, badilisha magome yote, acha siku mbili bila kunyunyiza, kisha rudi kwenye kunyunyiza asubuhi peke yake.